Fizikia miaka mitatu, uhandisi miwili: mwongozo kwa wanafunzi wa Unguja na Pemba

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi wa Julai, simu yangu haipumui. Wa kwanza kupiga ni mwanafunzi mwenyewe, wa pili mama yake, wa tatu mtu nisiyemjua kabisa aliyepewa namba yangu na mtu mwengine msikitini. Maswali ni yale yale. Naipenda fizikia lakini nyumbani wanataka mhandisi, nifanye lipi? Nimesikia Marekani mtu anasoma vyote viwili, ni kweli? Inachukua miaka mingapi? Nani analipa? Nimeshayajibu kwa sauti, kwa maandishi, na siku moja nikiwa ndani ya boti ya Mkoani bahari imechafuka na jirani yangu anatapika. Safari hii naandika mara moja, kisha kila atakayeuliza nimpelekee.

Mimi ni mtoto wa Wete na njia hii nimeipita mwenyewe. Nilifika, lakini nilichelewa muhula mzima. Sababu nitaieleza kwenye hatua ya 5, na hiyo usiiruke hata kama utaruka nyengine zote.

Njia yenyewe ikoje

Marekani viko vyuo vidogo vinavyofundisha fizikia vizuri sana lakini havina uhandisi. Vyuo hivyo vimefunga makubaliano na vyuo vikuu vyenye uhandisi. Wewe unasoma miaka mitatu kwenye chuo cha kwanza, fizikia ikiwa ndiyo fani yako, kisha unahamia cha pili kwa miaka miwili ya uhandisi. Mwaka wa tano ukimalizika unatoka na shahada mbili: ya fizikia kutoka ulikoanzia, na ya uhandisi kutoka ulikomalizia. Ndiyo maana watu huiita tatu-na-mbili. Ziko sura nyengine pia. Vyuo vingine huruhusu nne-na-mbili. Dartmouth ina mpango ambao mwaka wa tatu unakwenda kwao, wa nne unarudi chuo chako, wa tano unakwenda tena kumalizia uhandisi kwenye skuli yao ya Thayer.

Na tofauti ya fizikia na uhandisi? Nenda Wawi, pale Chake Chake kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni eujenoli, kitu ambacho kikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 hivi. Lakini mvuke wa maji unayatoa mafuta yale kwenye makonyo chini ya nyuzi 100. Mwanafizikia atauliza imewezekana vipi, na atafurahi akigundua kwamba maji na mafuta kila kimoja kina kanieneo yake ya mvuke, na zikijumlishwa mbili hizo zikalingana na ya hewa, mchanganyiko unachemka. Mhandisi atauliza: kwa magunia haya ya makonyo nahitaji kuni kiasi gani, bomba liwe na unene gani, na likipasuka nani amesimama karibu? Kama maswali yote mawili yanakukera usiku, endelea kusoma.

Kama unachotaka ni kuwa mhandisi tu, ishia hapa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha uhandisi kwa miaka minne, na kuna taasisi ya teknolojia ya DIT pale mjini na chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha MUST kule Mbeya. Ukiwa umeishia kidato cha nne, Taasisi ya Karume pale Mbweni itakuanzisha na stashahada. Utamaliza mapema na kwa fedha kidogo zaidi. Njia ya tatu-na-mbili ni ndefu, na mwaka wa tatu wa fizikia hauna huruma kwa mtu aliyeufuata kwa ajili ya kupanda ndege tu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Matokeo ya kidato cha nne na cha sita, pamoja na ripoti za skuli za kila mwaka. Vyuo vya Marekani haviridhiki na cheti cha Baraza la Mitihani, NECTA, peke yake, vinataka kuona ulivyokwenda darasa kwa darasa. Skuli zetu nyingi haziweki ripoti hizo tayari kwa kuchapisha, kwa hiyo mwendee mwalimu mkuu mapema, na kwa adabu.

Jina moja. Hili watu hulicheka mpaka liwapate. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha NECTA kinasema Hamisi, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kina majina matatu na pasipoti ina mawili. Sawazisha kabla hujaanza maombi, maana kila karatasi utakayopewa huko mbele italifuata jina la pasipoti.

Mtihani wa Kiingereza, na SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, kwa vyuo vinavyoihitaji.

Walimu wawili wa kukuandikia barua, mmoja lazima awe wa fizikia au wa hesabu. Mchague anayekujua, hata kama yule mwengine ana cheo kikubwa zaidi.

Mtu mmoja nyumbani anayeuelewa mpango wote. Si lazima awe msomi, bora awe na subira ya kuwaeleza wengine kila wanapouliza mbona hujamaliza.

Hatua ya 1: Anza na chuo cha uhandisi, kisha urudi nyuma

Watu wengi huanza kutafuta chuo cha miaka mitatu ya mwanzo, kwa uzuri wa picha au kwa sababu binamu yao anakaa mji ule. Fanya kinyume. Fungua tovuti ya chuo cha uhandisi utafute orodha ya vyuo vilivyofunga nacho makubaliano. Columbia ya New York ina mpango inaouita Combined Plan. Washington University iliyoko St. Louis ina wa kwake. Kule Atlanta vyuo vya Morehouse, Spelman na Clark Atlanta vina mpango wa pamoja ulioanza mwaka 1969 kwa ushirikiano na Georgia Tech.

Ukishapata jina, litafute pande zote mbili. Makubaliano yaliyokufa yanaweza kubaki kwenye ukurasa wa chuo kidogo kwa miaka, kama bango la duka lililohama. Kama chuo kikubwa hakimtaji mwenzake, andika uulize.

Halafu angalia ithibati. Uhandisi wa Marekani hupewa ithibati na taasisi iitwayo ABET, na ABET inakagua programu moja moja, haikagui chuo kizima. Chuo kinaweza kuwa na uhandisi wa umeme wenye ithibati na fani nyengine isiyo nayo. Tafuta fani yako kwa jina lake.

Hatua ya 2: Uliza maswali matano kwa maandishi

Muandikie mratibu wa mpango kwenye chuo cha kwanza, kisha uyatunze majibu yake.

Kwanza, nikitimiza masharti, kupokewa kwenye uhandisi ni uhakika au nitashindana na wengine? Mipango mingine inatoa uhakika, mingine inakupa haki ya kuomba tu.

Pili, msaada wangu wa fedha unanifuata kwenye miaka miwili ya mwisho?

Tatu, shahada ya fizikia natunukiwa lini? Vyuo vingi hungoja umalize yote mitano ndipo vitoe zote mbili. Maana yake, ukikwama mwaka wa nne unaweza kujikuta umesoma miaka minne na huna cheti hata kimoja mkononi.

Nne, ni masomo gani ya juu ya fizikia ambayo hayatolewi kila mwaka?

Tano, masomo gani lazima niwe nimeyamaliza siku ninapoomba uhandisi, na yapi yanaweza kumalizikia muhula wa sita?

Jibu likija la mafumbo, uliza tena. Wenzetu huko hawakasiriki kwa kuulizwa mara ya pili.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya miaka mitano, si ya mitatu

Hapa ndipo pananiuma zaidi, kwa sababu nimeona watoto wenye akili kunizidi wakirudi.

Barua ya ufadhili ya chuo cha kwanza inakuhusu ukiwa ndani ya chuo cha kwanza. Ukivuka kwenda cha pili, mara nyingi imekufa. Misaada ya serikali ya Marekani haitolewi kwa mwanafunzi wa kigeni, na chuo cha uhandisi kinaweza kuwa na fungu la wageni au kisiwe nalo kabisa. Mtoto wa watu anapata ufadhili kamili, ukoo mzima unasoma dua, anaondoka. Miaka mitatu baadaye anapewa ankara ya chuo kikubwa cha mjini, ada, dahalia, chakula na bima ya afya, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Kwa hiyo chukua daftari, chora safu mbili. Safu ya kwanza ni miaka 1 mpaka 3, safu ya pili ni miaka 4 na 5. Kila safu iandike ada, malazi, chakula, bima, vitabu na nauli, kisha chini yake nani analipa nini. Ukiona safu ya pili chini ni tupu, usijidanganye kwamba Mungu atafungua mlango halafu ukaacha kuugonga. Andikia ofisi ya misaada ya fedha ya chuo cha uhandisi, uliza mwanafunzi wa kigeni wa tatu-na-mbili anastahiki nini. Nenda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar uulize kama mwaka huo ina nafasi za masomo ya nje.

Ami yangu, Mungu amrehemu, aliniambia, "Wewe nenda, shamba lipo." Shamba lilikuwepo kweli, na mikarafuu yake mizuri. Lakini mkarafuu ukizaa sana mwaka huu, mwakani hukupa kidogo au hukunyima, na wala hauzai kwa mihula. Ada inadaiwa Agosti na Januari, ikiwa mavuno yamekuja au hayakuja. Nilimuonesha ile safu ya pili. Alinyamaza kidogo, akaniambia nitafute chuo kitakacholipa yote mitano. Hilo lilinichukua mwaka mzima wa ziada, na mpaka leo nashukuru.

Hatua ya 4: Peleka maombi kwa kalenda yao

Mwaka wa masomo huko unaanza mwishoni mwa Agosti. Matokeo yako yanatoka Julai, basi mwaka huo huo hauwahi, usihangaike. Mfumo wa maombi ya pamoja unaoitwa Common App hufunguliwa tarehe 1 Agosti, na tarehe za mwisho za kawaida ziko mwanzoni mwa Januari, wale wa mapema Novemba. Ukishindwa ada ya maombi, ndani ya mfumo kuna sehemu ya kuomba msamaha wa ada. Iombe, si aibu.

Kwenye maelezo yako binafsi usiandike kwamba unataka kuisaidia nchi yako. Kila mtu anaandika hivyo. Andika siku ile uliyofungua redio ya babu ikakataa kurudi ilivyokuwa.

Mwaka huo wa kungoja ni wa thamani kuliko unavyodhani. Fundisha hesabu skuli ya jirani, jifunze kuandika programu kwa Python, na usiache kalkulasi ikapoa. Nakuja huko sasa hivi.

Hatua ya 5: Linda mlolongo wa hesabu tangu wiki ya kwanza

Miaka mitatu ni mihula sita. Chuo cha uhandisi kitataka kuona umemaliza kalkulasi ya 1, ya 2 na ya 3, kisha milinganyo tofautishi. Hiyo ni mihula minne, mmoja baada ya mwengine, na kwa kawaida haisomwi miwili pamoja. Ukianza na kalkulasi ya 1 unamaliza mwisho wa mwaka wa pili, vizuri kabisa. Ukianza na ya 2 una muhula wa akiba. Ukianzishwa chini ya kalkulasi, unamaliza muhula wa tano, katikati ya mwaka wa tatu, wakati maombi ya uhandisi ndiyo yanapelekwa.

Mimi nilianzishwa chini. Nilifika chuoni Jumatano usiku, Ijumaa asubuhi tukawekwa kwenye ukumbi tukapewa mtihani wa kupanga madaraja. Nilikuwa sijagusa intigresheni kwa miezi 14, usingizi wa safari bado uko machoni, na karatasi inataka kila kitu kwa haraka bila kuonesha njia. Matokeo yakaniweka kwenye hesabu za kujiandaa na kalkulasi. Nikaona haya kupinga. Nikajiambia, mgeni hapangi chumba. Muhula mzima nikasoma mambo niliyoyasoma kidato cha tano, nikapata A ya bure, na nikajiona mjanja.

Bei yake nikailipa mwaka wa tatu. Mekanika ya juu ilitaka uwe umemaliza milinganyo tofautishi, na ilitolewa muhula wa Agosti tu. Agosti ya mwaka wa tatu mimi ndiyo kwanza niko kwenye milinganyo. Ikabidi ningoje Agosti ya mwaka wa nne, na uhandisi nikauanza Januari. Chuo changu cha uhandisi kilikubali wanaoingia Januari. Vingi havikubali, na hapo ningepoteza mwaka.

Basi fanya hivi. Kabla ya kusafiri, rudia kalkulasi yote ya kidato cha sita kwa miezi miwili. Ukiwa umesoma PCM (fizikia, kemia, hesabu) au PGM (fizikia, jiografia, hesabu), mtaala wako wa hesabu ulikuwa na diferensiesheni, intigresheni na hata milinganyo tofautishi ya mwanzo, kwa hiyo una haki ya kuanzia kalkulasi ya 2, na hata ukianzia ya 1 usikubali kushuka chini ya hapo. Beba muhtasari wa mtaala, na daftari lako la mazoezi. Ukipangwa chini, siku hiyo hiyo nenda ofisi ya mkuu wa idara ya hesabu, mfungulie daftari, muombe akupe maswali mbele yake. Ukiwa umesoma PCB (fizikia, kemia, biolojia), hesabu zako zilikuwa zile za msingi za BAM, na kalkulasi yake ni nyepesi. Tumia mwaka wa kungoja kuziba pengo hilo. Wa PGM nao wana deni lao, hawana kemia, na uhandisi karibu wote unataka angalau muhula mmoja wa kemia na maabara yake.

Hatua ya 6: Chora mihula yote sita kwenye karatasi moja

Kwa kawaida karatasi inakuwa hivi:

Muhula wa 1: kalkulasi ya 1, fizikia ya mwendo, kemia na maabara.
Muhula wa 2: kalkulasi ya 2, umeme na sumaku, kuandika programu.
Muhula wa 3: kalkulasi ya 3, fizikia ya kisasa.
Muhula wa 4: milinganyo tofautishi, maabara ya fizikia.
Muhula wa 5: mekanika ya juu, umeme-sumaku wa juu.
Muhula wa 6: kwanta, thermodinamiki.

Nafasi zilizobaki zijaze na masomo ya lazima ya chuo: uandishi, historia, lugha, sanaa. Usiyadharau. Bila hayo shahada ya fizikia haitoki, na huko kwenye uhandisi hutopata muda wa kuyasoma.

Sasa chukua karatasi hiyo kwa watu wawili tofauti: mshauri wako wa fizikia na mratibu wa tatu-na-mbili. Wa kwanza anajua fizikia na hajui masharti ya chuo cha pili, wa pili anajua masharti na hajui kwanta inatolewa lini. Idara ndogo huwa na walimu wanne au watano, na somo la juu hutolewa mwaka huu likapumzika mwakani. Likipumzika mwaka wako wa tatu, uwe umeshalisoma wa pili, au upate ruhusa ya maandishi ya kulibadilisha. Kila muhula rudi na karatasi ile ile.

Hatua ya 7: Alama

Mipango mingi inataka GPA, yaani wastani wa alama ambao juu kabisa ni 4.0, kuanzia 3.0, na yenye ushindani husogea mpaka 3.3 au zaidi. Lakini wastani mzuri hautoshi, kwa sababu baadhi ya vyuo huangalia pia masomo ya hesabu na sayansi peke yake. A ya historia haiifichi C ya umeme na sumaku. Ukiona somo linakuzidi wiki ya nne, nenda ofisi ya mwalimu saa zake za wanafunzi. Sisi tumelelewa kuona haya kumsumbua mwalimu. Huko asiyekwenda ndiye anayeonekana hajali.

Hatua ya 8: Chagua fani ya uhandisi inayoingia kwenye miaka miwili

Kutoka fizikia, umeme na mitambo ndizo zinazoshikana kwa urahisi. Uhandisi wa kemikali unataka kemia nyingi zaidi kabla ya kuvuka, na ukiuamua mwaka wa tatu umechelewa. Ujenzi unawezekana, lakini angalia masomo yake ya mwanzo, mengine utakuwa huna.

Mimi nilichagua umeme, na sababu yangu si ya kitabuni. Kabla ya mwaka 2010 Pemba ilikuwa ikiwashwa kwa majenereta ya dizeli, ndipo ukaja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Unguja nao, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, walikaa kizani miezi mitatu waya wao ulipoharibika. Nilikuwa mdogo, lakini kuona kisiwa kizima kinategemea waya mmoja kulinikaa kichwani.

Hatua ya 9: Kuvuka

Chuo cha kwanza kisikuandike kwamba umeacha masomo. Omba uandikwe kuwa uko kwenye mpango wa pamoja, na upate karatasi yake.

Upande wa viza ya mwanafunzi, ya F-1, rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali yao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, lazima ihamishwe kutoka chuo kimoja kwenda kingine, na chuo kipya kikutolee I-20 mpya, ile fomu ya chuo inayobeba viza yako. Fanya hivyo kabla hujaondoka mji ule. Usiombe kibali cha kazi cha baada ya masomo mwishoni mwa mwaka wa tatu. Kibali hicho ni cha miezi 12 kwa kila ngazi ya elimu, na fani za sayansi na uhandisi huongezewa 24. Shahada zako zote mbili ni za ngazi moja, kwa hiyo hupati mara mbili. Kitunze mpaka mwisho wa mwaka wa tano.

Na kabla ya safari ya kwanza kabisa: ada ya SEVIS, ambayo ni dola 350, na ya viza hulipwa hata kama utanyimwa. Masharti ya viza za Marekani kwa nchi mbalimbali hubadilika kwa tangazo la siku moja. Soma ukurasa wa ubalozi wao wa Dar es Salaam wiki ile ile unayotaka kulipa, usitegemee alichokwambia aliyekwenda miaka minne nyuma, nikiwemo mimi.

Mambo yakikwama

*Nimepokewa uhandisi lakini sina fedha za miaka miwili.* Usivuke kwa mkopo wa watu. Baki chuo cha kwanza mwaka wa nne ambapo ufadhili wako bado unaishi, maliza fizikia, chukua shahada. Kisha omba masomo ya juu. Wanafunzi wa udaktari (PhD) wa fizikia na uhandisi Marekani kwa kawaida husamehewa ada na kulipwa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti. Hii si kushindwa. Kwa wengi wetu ndiyo njia iliyo salama zaidi.

*GPA imeshuka muhula mmoja.* Andika barua fupi ya maelezo wakati wa kuomba, ukitaja sababu na ulichofanya baadaye. Kama kushuka kumeendelea mihula miwili, muulize mratibu kuhusu nne-na-mbili.

*Viza imekataliwa.* Uliza chuo kama kitakuwekea nafasi mwaka mmoja. Huku nyumbani usikae bure, omba chuo cha hapa kwa dirisha la Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, lililo wazi.

*Nimeshaanza fizikia chuo cha hapa.* Maliza kwanza, au kama bado uko mwaka wa kwanza na moyo wako uko kwenye uhandisi, omba uhandisi upya sasa hivi kabla mkopo haujakuwa mrefu. Ukikaa katikati unapoteza vyote.

*Nina shahada ya fizikia, kwa nini siwezi kusajiliwa kuwa mhandisi?* Kwa sababu Bodi ya Usajili wa Wahandisi inaangalia shahada ya uhandisi yenyewe, kisha miaka mitatu ya kazi chini ya usimamizi kabla ya kukuita mhandisi kamili. Hapo ndipo shahada ya pili inapofanya kazi yake.

*Nimerudi na vyeti viwili, sasa wapi?* TCU kwanza, kwa utambuzi wa vyeti vya nje, kisha Bodi. Kabla ya kuondoka Marekani chukua transkripti za vyuo vyote viwili zilizofungwa na kupigwa muhuri, nakala mbili mbili, pamoja na maelezo ya kila somo ulilosoma. Mimi nilirudi na ya chuo cha pili tu, nikidhani inaonesha yote. Ya kwanza ilibidi niiagize kwa barua pepe kutoka Wete, na ilipofika jina langu lilikuwa na herufi moja pungufu.